Grafu ya Mzee Stesheni

Kazini walimwita Bi Mistari, na yeye alishaacha kukasirika. Jina lilimpata siku alipoanza kazi kwenye yale makao ya wazee, alipoingia na rula ndefu kwapani na kuuliza, kabla hata hajaonyeshwa meza yake, ni ukuta upi wenye mwanga mzuri wa kubandika karatasi. Barua yake ya ajira ilisema ni mtaalamu wa tabia. Mpishi alisema ni mtu anayelipwa kuwakodolea macho wazee mchana kutwa na kutia nukta.

Na kweli alitia nukta. Bibi akigoma kuoga, nukta. Babu akimrushia nesi mto, nukta. Kila siku ilipewa nukta yake, juu kama tabia ilikuwa nyingi, chini kama ilikuwa chache, kisha nukta ziliunganishwa kwa mstari. Waliomtembelea ofisini walitazama kama mstari unapanda au unashuka, wakatikisa kichwa kwa huzuni au kwa furaha, wakaondoka. Yeye aliwaona kama watu wanaotazama mguu wa mgonjwa na kusahau kumwuliza anatembeaje. Upo mstari unaopanda kwa adabu, hatua kwa hatua, na upo unaorukaruka kama bisi kwenye sufuria. Huo wa pili ndio uliomkosesha usingizi.

"Mstari ukiyumba," aliwaambia wote waliokubali kumsikiliza, "kuna mtu anautikisa. Kazi yangu ni kumtafuta."

Nyumbani aliishi na mumewe, kinyozi mwenye maneno machache na wateja wenye maneno mengi, pamoja na mama mkwe. Aliapa kutoleta kazi nyumbani, kisha akajivunjia kiapo mwenyewe. Mama mkwe alikuwa na kipaji cha kulalamika: chai ina majani mengi, pazia linaingiza jua, jua halitoshi kukausha nguo. Bi Mistari alianza kutia nukta kwa siri, akabandika karatasi kwenye mlango wa friji, akidhani mkwe wake hatajali.

"Hii milima ni ya nini, mwanangu?" mama mkwe aliuliza asubuhi moja.

"Ni hali ya hewa, mama."

Kuanzia hapo mama mkwe hakufua hata kitambaa bila kuitazama karatasi kwanza. Mstari ukipanda, alijua mvua inakuja. Alinuna, akaacha nguo kwenye beseni, akalalamika mpaka jioni, na usiku nukta ilikwenda juu zaidi. Kesho yake aliamka, akaona mlima umekua, akalalamika kwa bidii mpya. Mstari ulipokaribia ukingo wa karatasi, kinyozi alimvuta mkewe kando.

"Bandua hicho kitu," alisema, "kabla hatujapata mafuriko."

Bi Mistari aliibandua, akacheka mpaka machozi, akajiambia kwamba amejifunza jambo: watu wakishaanza kuutazama mstari, mstari wenyewe haubaki vile ulivyokuwa. Angelishika somo hilo vizuri, yaliyompata kazini yasingempata.

Kule makaoni alikuwepo mzee mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye kofia aliyokataa kuivua hata akioga. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia akiwa mtangazaji wa stesheni ya reli, mtu wa kuwaambia abiria treni ipi inaingia na wasimame wapi. Watu wakamwita Mzee Stesheni. Alikuwa mpole, alikula bila kuchagua, hakumsumbua mtu. Ila alipokuwa ameketi ukumbini na wenzake, bila dalili yoyote, aliweza kusimama, kunyoosha koti, kuweka mkono mdomoni kama ameshika kipaza sauti, na kunguruma:

"Abiria wote! Treni ya mchana inaingia jukwaa la pili. Simameni nyuma ya mstari mweupe. Wenye mizigo mikubwa watangulie. Msisukumane!"

Sauti yake ilitikisa vikombe. Na wazee wenzake, ambao kuwainua kwenda mezani kulihitaji manesi na mabembelezo, waliinuka wenyewe. Walichukua mikoba, mablanketi, redio, mmoja alichukua chungu cha ua, wakapanga foleni mbele ya mlango wa kioo unaotazama bustani. Walisimama pale wakichungulia nje. Hatimaye mmoja wao alisema, "Imejaa hii. Tungoje nyingine," nao wakarudi kukaa.

Hakuna aliyeumia. Lakini chai ilipoa, dawa zilichelewa, na manesi walichoka kurudisha chungu cha ua mahali pake. Basi Bi Mistari akaambiwa amhesabu Mzee Stesheni, naye akamhesabu. Mstari uliotokea hakuwahi kuuona katika kazi yake yote. Siku moja mzee alitangaza karibu kila robo saa, kama stesheni ya mji mkuu wakati wa sikukuu. Siku iliyofuata hakufungua mdomo ila kumshukuru mpishi. Kisha tena juu. Kisha chini, chini, juu. Karatasi ilionekana kama meno ya msumeno.

Meneja wa makao alikuja kuitazama. Alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Hakupita karibu na picha ukutani bila kuigusa pembe, na tai yake aliipiga pasi ikiwa shingoni.

"Mkaguzi anakuja," alisema. "Nataka aukute mstari unashuka."

"Haushuki, bosi. Wala haupandi. Unayumba. Kwanza tujue kinachouyumbisha."

"Chukua wastani, uchore mstari mnyoofu, yaishe."

"Wastani wake ni matangazo sita kwa siku," Bi Mistari alisema. "Mzee huyu hajawahi kutangaza mara sita hata siku moja. Nikichora sita, nitakuwa nimemchora mtu mwingine."

Meneja aliwaza. "Huyo mtu mwingine ametulia?"

"Ametulia sana."

"Basi mchore huyo."

Walibishana mpaka Meneja akakubali kwa shingo upande. Bi Mistari alikusanya watu wote jikoni, mpishi, nesi, mlinzi wa getini na Meneja mwenyewe, akawaomba jambo moja tu. Kwa muda mfupi, mtu yeyote asiguse chochote. Chakula kile kile, kitanda pale pale, maneno yale yale. Yeye atakaa pembeni na kutazama. Wakigusa, hatajua mstari umeyumba kwa sababu ya mzee au kwa sababu yao.

"Tumekuelewa, dada," mpishi alisema, na wote wakaitikia kama darasa.

Kisha mstari ukapata kichaa.

Sasa zilitokea siku ambazo mzee alitangaza treni za mizigo. Siku nyingine alitangaza treni kufutwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na wazee wakapanga foleni ndefu zaidi, wakiwa wamekasirika, wakidai wabadilishiwe tiketi. Siku moja alitangaza akiwa kitandani, kichwa kikiwa upande wa miguu. Bi Mistari alikaa ukumbini na karatasi yake magotini, akijikuna kichwa kwa kalamu. Alijaribu kuunganisha nukta na joto la siku, na siku za kufuliwa mashuka, na siku ambazo yeye mwenyewe alivaa viatu vyenye kisigino. Kila nadharia ilidumu mpaka chakula cha mchana. Nyumbani alishika tama mbele ya sahani.

"Mzee wako tena?" mumewe aliuliza.

"Nahisi ananichezea."

"Au amechoka kutazamwa," kinyozi alisema. "Mimi mteja akinikazia macho kwenye kioo, mkono unatetemeka."

Maneno hayo yalimkaa. Asubuhi iliyofuata hakwenda kukaa ukumbini. Alizunguka nyuma ya jengo, akaanza kuwatazama wenzake badala ya mzee.

Kwanza alimwona mpishi akimpelekea Mzee Stesheni bakuli la peke yake. Ndani yake hakukuwa na maharage, ilhali kila mtu siku ile alikula maharage. Akaenda kwenye chumba cha mzee, akamkuta nesi amejibana ukutani akisukuma kitanda kwa mgongo, kukigeuza kielekee dirishani. Akatoka nje, akamkuta mlinzi amepiga magoti getini na chupa ya mafuta ya kulainisha bawaba, na pembeni ameweka kopo la maji yenye mchanga.

"Hilo kopo ni la nini?"

"La kuirudishia mlio," mlinzi alisema kwa unyonge. "Leo nalainisha, kesho nakwaruza. Nataka nilinganishe."

Aliwaita wote jikoni tena. Hakupandisha sauti. Alibandika karatasi kwenye kabati la vyombo, akaketi, akasubiri.

"Ni maharage," mpishi alilipuka. "Maharage yanampanda kichwani. Nilimwondolea, akatulia. Nikamrudishia nione, akatangaza. Nikamwondolea, akatangaza vile vile. Sasa sijui."

Nesi alisema ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mtu akilala kichwa kikiwa upande wa dirisha, damu haitulii. Alikuwa akimgeuza mzee kila mwezi ulipobadilika, na siku za mawingu alimgeuza kwa kukisia. Mlinzi alisema ni geti. Lile geti lililia sawasawa na breki za treni, hata yeye akiwa usingizini lilimfanya atafute tiketi mfukoni.

"Ulikuwa usingizini getini?" Meneja aliuliza.

"Ni mfano tu, bosi."

Meneja alikohoa. Aligusa fundo la tai. Kila mtu akamgeukia, kwa kuwa mtu asiye na la kusema hagusi tai namna ile.

"Mimi," alisema taratibu, "kila asubuhi nikipita nilikuwa namnong'oneza sikioni kwamba treni zote zimefutwa."

Mpishi alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha nesi, kisha mlinzi aliyeshika kopo lake, mpaka maji yenye mchanga yakamwagika sakafuni. Bi Mistari naye alicheka, ingawa moyoni alitamani kulia. Karatasi nzima aliyoihangaikia haikuwa picha ya mzee. Ilikuwa picha ya watu wanne wenye huruma, kila mmoja akimtibu mzee kivyake, kwa siri, siku tofauti.

"Sasa naomba mwache," alisema. "Safari hii kweli."

Safari hii waliacha kweli, pengine kwa aibu. Na mstari ukaanza kusomeka. Haukutulia, lakini kuyumba kwake kulipata sura. Kulikuwa na siku za juu, na kulikuwa na siku za chini kabisa, na katikati hapakuwa na kitu. Bi Mistari aliukodolea macho mpaka ukaonekana kwake kama mistari miwili iliyolazimishwa kuishi chumba kimoja. Kwa hiyo Mzee Stesheni alikuwa na siku za aina mbili. Kuna kitu kilichokuwepo siku moja na kukosekana nyingine, na kitu hicho hakikuwa maharage.

Alirudi ukumbini, akachagua kiti kingine. Miezi yote hiyo alikuwa akikaa kwenye kiti kile kile karibu na feni yenye kelele, ubavuni mwa mzee, mgongo kwa dirisha. Sasa akakaa upande wa pili. Na ndipo alipomwona Bi Mkoba.

Bi Mkoba alikuwa bibi mdogo, mkavu, aliyekumbatia mkoba mweusi usiku na mchana. Alikuwa na sauti ndogo mno, ya kunong'ona. Hakuwa na mstari ukutani, maana hakuwa na tabia ya kumsumbua mtu. Kiti chake kilikuwa jirani na cha mzee, nyuma tu ya kile cha Bi Mistari cha zamani, kiasi kwamba mtaalamu wa tabia alikuwa amempa mgongo tangu kazi ianze, na mara kadhaa alimwomba radhi kwa kumgonga na kiti.

Bi Mkoba aliinama kuelekea kwa Mzee Stesheni, akanong'ona. Mzee akainuka, akanyoosha koti.

"Abiria wote!"

Bi Mistari alisubiri. Foleni ikapangwa, ikavunjika. Chungu cha ua kikaenda na kurudi. Baada ya muda Bi Mkoba akainama tena, na safari hii Bi Mistari alikuwa amesogea, akasikia.

"Baba, treni inafika saa ngapi?"

"Abiria wote! Treni ya mchana..."

Hakuhitaji kupekua sana kujua mengine. Siku za chini zilikuwa siku ambazo mnyooshaji viungo alimchukua Bi Mkoba kwenda jengo la pili kunyooshwa magoti. Asipokuwepo yeye, hakuna aliyeuliza, na mzee hakuwa na cha kujibu. Bi Mistari alisikia uso ukimpata joto. Alikuwa amehesabu majibu kwa uangalifu wote wa elimu yake, na swali lilikuwa likiulizwa nyuma ya kisogo chake.

Alivuta kiti, akakaa kati yao.

"Mzee wangu, samahani. Unajua kwamba hapa hakuna treni?"

Mzee Stesheni alimtazama kwa mshangao wa heshima. "Najua, binti. Reli ya karibu iko mbali sana na hapa. Kwani wewe hujui?"

"Najua. Sasa mbona unatangaza?"

"Abiria ameuliza," mzee alisema. "Nimkalie kimya?"

Bi Mistari akamgeukia Bi Mkoba. "Na wewe bibi, unangoja treni?"

"Treni gani, mwanangu? Nina akili zangu." Bibi alikaza mkoba kifuani. "Nyie kila siku mnaniuliza nimekula, nimelala, nimekunywa dawa. Majibu mmeshayaandika kabla sijafungua mdomo. Huyu nikimwuliza, anasimama. Anavaa koti vizuri. Ananijibu mbele za watu. Mwanamume mzima kukujibu namna ile, ni jambo dogo?"

"Na wengine? Wanaopanga foleni?"

"Kukaa kunachosha," alisema yule mwenye chungu cha ua, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Basi ikawa wazi kwamba katika jengo zima, waliokuwa wamehangaishwa na ile treni ni wale tu waliokuwa na funguo za ofisi.

Bi Mistari alimpelekea Meneja habari hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyepata pete iliyopotea. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaona upande mmoja tu wa jambo.

"Kwa hiyo siku ya mkaguzi, Bi Mkoba aende kunyooshwa magoti asubuhi hadi jioni."

"Bosi, hiyo si kutibu. Hiyo ni kuhamisha swali."

"Lihame siku moja tu," Meneja alisihi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepiga pasi tai mbili kwa ajili ya siku hiyo. Bi Mistari alikubali, na hakujipenda kwa kukubali.

Siku ikafika. Bi Mkoba alipelekwa jengo la pili akilalamika kwamba magoti yake yatanyooka mpaka yapinde upande mwingine. Ukumbi ulikuwa kimya. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mzito wa kutabasamu, mwenye mkoba wa ngozi na viatu vinavyolia. Akaketishwa ukumbini angoje chai, wakati Meneja anakimbilia ofisini kunyoosha picha moja ya mwisho. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kiti cha Bi Mkoba.

Bi Mistari alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Aliona mkaguzi akitazama saa yake. Aliona akitazama mlango. Aliona mkaguzi akiinama kuelekea kwa mzee aliyekuwa jirani yake na kumnong'oneza kwa adabu ya mgeni:

"Samahani mzee wangu. Inafika saa ngapi hiyo chai?"

Labda mzee alisikia neno la mwisho vibaya. Labda kwake swali la aina hiyo lilikuwa na jibu moja tu. Aliinuka, akanyoosha koti, na ngurumo ile ikatoka ikiwa na nguvu za asubuhi nzima ya kunyamaza.

"Abiria wote! Treni ya mchana inaingia jukwaa la pili! Simameni nyuma ya mstari mweupe! Wenye mizigo mikubwa watangulie!"

Wazee wote wakainuka mara moja. Na mkaguzi naye akainuka. Baadaye alieleza kwamba hakuamua, miguu iliamua. Aliokota mkoba wake wa ngozi, akaangalia kushoto na kulia, na kwa kuwa mkoba ule ulikuwa mkubwa kuliko mizigo mingine, wazee wakampisha atangulie. Meneja alipoingia akiwa na sinia la chai mikononi, alimkuta mgeni wake mbele kabisa ya foleni, pua ikikaribia kioo, akichungulia bustani, huku kwa mkono wa pili ameshika blanketi la mtu.

"Mheshimiwa," Meneja alisema. "Kuna tatizo?"

"Sijui," mkaguzi alisema bila kugeuka. "Wameniambia tusisukumane."

Nyuma yake bibi mmoja alishusha pumzi. "Imejaa hii," alisema. "Tungoje nyingine." Na mkaguzi akarudi kukaa pamoja na wengine, akionekana kusikitika kidogo.

Ofisini alidai kuona grafu. Bi Mistari alimweleza yote, hakuficha maharage, mwezi, geti wala minong'ono ya asubuhi, na Meneja alitazama sakafu muda wote. Alimwonyesha mkaguzi nukta za juu na za chini, akamwambia kwamba kama karatasi hii inapima kitu, inapima ni mara ngapi mtu amemwuliza mzee swali la maana. Mkaguzi aliitazama kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande.

"Siwezi kuandika hivyo," alisema. "Fomu ina sehemu mbili tu. Tabia imepungua, tabia imeongezeka."

"Imeyumba," Bi Mistari alisema.

"Haina sehemu ya kuyumba." Akafikiri tena, na kuna kitu cha kitoto kilichopita usoni mwake. "Lakini naweza kuandika pendekezo. Treni ifuate ratiba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Barua rasmi ilikuja yenye muhuri, ikielekeza kwamba treni ya makao iingie kabla ya kila mlo na kabla ya mazoezi ya viungo, kwa manufaa ya afya ya abiria. Meneja, ambaye amri iliyoandikwa humpa amani ya moyo, alichapisha ratiba na kuibandika ukumbini, ikiwa imenyooka kabisa. Mlinzi alipaka mstari mweupe mbele ya mlango wa kioo. Bi Mkoba alipewa kazi ya kuuliza swali wakati ukifika, kwa kuwa mzee alikataa katakata kutangaza treni ambayo abiria hajaiulizia.

Mstari ukanyooka. Siku baada ya siku nukta zilipangana kama askari. Manesi walipumua, maana wazee sasa walifika mezani wenyewe, kwa foleni, na mizigo yao. Meneja aliiwekea grafu fremu. Bi Mistari alipaswa kufurahi, na kwa muda alifurahi, kisha akajikuta anapita mbele ya ile fremu bila kuitazama. Ulikuwa mstari wa watu waliotulia. Haukumwuliza swali lolote.

Bi Mkoba ndiye aliyelisema. "Treni inayofika kwa wakati kila siku," alinong'ona mchana mmoja, "hiyo ni treni gani? Inaniudhi."

Mzee Stesheni alionekana akiwaza, na kofia yake ilisogea mbele kidogo. Saa ya chakula ilipofika Bi Mkoba aliuliza swali lake, bila hamu, kama mtu anayesoma kibao. Mzee akainuka. Akanyoosha koti kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Abiria wote," alisema, safari hii kwa majonzi mazito ya kikazi. "Treni ya mchana imechelewa. Sababu bado haijajulikana. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Ukumbi ulilipuka. Mwenye chungu cha ua alikigonga mezani. Bibi wa kiti cha mlangoni alisema hajawahi kuona uzembe wa namna hii, na uso wake ulikuwa na rangi ambayo nesi hakuwahi kuiona. Watu walisimama makundi makundi, wakasimuliana safari nyingine zilizochelewa, za ujana wao, za harusi walizokosa na ndugu waliowangoja mpaka asubuhi. Bi Mkoba alikuwa anacheka kimya kimya ndani ya mkoba wake. Mpishi alitoka jikoni na mwiko, akauliza wali uendelee kukaa motoni mpaka lini, na akaambiwa kwa ukali kwamba hata wao hawajui.

Nesi alikimbilia kwa Bi Mistari. "Hili nalo tunalihesabu? Ni tangazo au si tangazo? Treni haijaingia!"

"Ngoja kwanza," Bi Mistari alisema. Alikuwa ameshatoa kalamu, na hakujua aiweke wapi, na hakuwa amepata raha ya namna hiyo kwa majuma mengi.

Kelele zilimfikia Meneja. Alitoka ofisini haraka, akasimama mlangoni, akawaona abiria wenye hasira wakimgeukia wote pamoja, na pale pale akasahau kwamba hapakuwa na treni. Alinyoosha tai. Akapanda juu ya kigoda cha miguu. Akaanza kuwaomba radhi, kwa niaba ya uongozi mzima wa reli, na kuwaahidi kwamba atalifuatilia yeye mwenyewe.